Bi Nakala, Aliyeuombea Mteremko Wetu Miti

Tarehe thelathini ya mwezi huu, kengele ya jioni itakapolia, katibu muhtasi wa shule yetu atazima kompyuta, ataifunika kwa kitambaa chake cha maua kama anavyofanya kila siku, kisha atatoka asirudi tena kama mtumishi. Atakuwa ameitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mmoja. Walimu wakuu sita wamepita mbele ya meza yake. Walimu wa zamani wanasema wote sita walianza kazi kwa namna moja: waliingia ofisini wakiwa wamevaa suti, wakakohoa kidogo, wakamwuliza funguo za kabati ziko wapi.

Jina lake kamili litasomwa siku ya sherehe, kwa kuwa ndivyo cheti chake cha utumishi kilivyoandikwa. Lakini ukilitaja jina hilo getini, mlinzi atakuambia hapa hayupo mtu wa namna hiyo. Kwetu sisi yeye ni Bi Nakala. Jina hili alijipatia mwenyewe kwa swali ambalo hakuna aliyeingia ofisini akatoka bila kulisikia: "Na nakala yako iko wapi?" Mzazi aliyeleta cheti cha kuzaliwa aliulizwa. Mwalimu aliyeleta barua ya likizo aliulizwa. Inasemekana hata kijana mmoja aliyekuja kumpa kadi ya mwaliko wa harusi yake aliulizwa, akatoka mbio kwenda kutafuta duka la fotokopi, na Bi Nakala akalazimika kumtuma mtu amkimbilie amrudishe.

Alianza kazi kama mpiga chapa, katika chumba alichokigawana na makasha ya chaki, mipira iliyopungua upepo na kengele ya akiba. Taipureta yake ilisikika hadi darasa la nne. Waliosoma hapa miaka hiyo, ambao sasa wanaleta watoto wao, wanasema walijua hali ya hewa ya ofisi kwa mlio wake: ikilia taratibu, unaweza kwenda kuomba ruhusa, ikilia kama mvua ya mawe, rudi darasani ukaugue kesho. Kompyuta ilipoletwa, aliiacha ndani ya boksi lake wiki nzima. Mwalimu Mkuu wa wakati huo alipomwuliza kulikoni, alijibu kwamba anaiacha izoee chumba kwanza. Wiki iliyofuata aliifungua, na kabla muhula haujaisha alikuwa akiwafundisha walimu.

Kwa muda wote huo hakuacha utani wake na mlinzi wa getini, ambaye humwita shemeji ingawa hakuna anayejua ushemeji huo ulianzia wapi. "Shemeji, leo umechelewa," mlinzi humwambia. "Mimi sichelewi," hujibu huku akipita, "ni geti lako linaloamka mapema." Mpishi wa shule humwita dada, ingawa kwa umri mpishi ndiye mkubwa, na anaona ni sawa kabisa. Kwa Bi Nakala, wafanyakazi wapya wote ni wanawe. Anayebaki amesimama mlangoni kwa woga huambiwa, "Keti, mwanangu, kiti hakiumi." Maneno hayo yamewatuliza wengi, akiwemo anayeandika wasifu huu.

Nyumbani, mumewe ni fundi cherehani, na sare za nusu ya watoto wetu zimepita chini ya sindano yake. Wana watoto wanne. Watatu wameshajitegemea, kitinda mimba bado yuko sekondari na ana maneno mengi kuliko ndugu zake wote wakiwekwa pamoja.

Kazi itakayolifanya jina la Bi Nakala litajwe hapa muda mrefu, hata hivyo, haimo kwenye orodha ya majukumu yake. Hakuna aliyempa. Ni kazi ya kuomba ruzuku ya miti.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili na hawaifahamu shule: nyuma yetu kuna mteremko. Unaanzia kwenye uzio wa juu na kuishia kwenye ukuta wa darasa la kwanza, ambalo lilijengwa pale chini zamani, wakati mteremko ulikuwa bado umefunikwa na vichaka. Vichaka vilikatwa kuni, udongo ukabaki uchi, na kila mvua kubwa ilipokuja, mteremko ulihamia darasani. Tope liliingia kwa mlango wa nyuma na kutokea wa mbele. Ukuta ulipata ufa. Mkaguzi wa majengo alikuja, akautazama ufa kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda, kisha akasema: mteremko usiposhikwa, darasa lifungwe, na watoto wa darasa la kwanza wahamishiwe shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Hao ni watoto wa miaka sita na saba, na barabara ni ile ya malori.

Aliyeichapa taarifa ya mkaguzi ni Bi Nakala. Siku hiyohiyo alianza kuuliza ni nani hutoa pesa za kupanda miti. Aliuliza benki, akauliza ofisi ya elimu, akamwuliza hata wakala wa vitabu aliyekuja kuuza kamusi. Mwishowe alipata habari za Mfuko mmoja unaozipa shule ruzuku kwa sharti moja: miti na mimea iwe ya asili, ile iliyokuwepo kabla mtu yeyote hajaja na mbegu mfukoni.

Ombi la kwanza lilikataliwa, na lilistahili. Walimu walikaa wakati wa chai kutaja miti ya asili wanayoijua. Ikatajwa mikaratusi. Ikatajwa misonobari. Mwalimu wa hesabu akasimama kidete kuutetea mwembe.

"Babu yangu aliukuta," alisema.

"Babu yako aliikuta na baiskeli," alijibiwa kutoka upande wa dirishani, "kwa hiyo nayo ni ya asili?"

Mwarobaini nao ulipata mawakili wake. Ili kuepusha ugomvi, yote ilitiwa kwenye ombi. Mfuko ulijibu kwa adabu sana kwamba kati ya miti iliyotajwa hakuna hata mmoja uliozaliwa upande huu wa dunia.

Bi Nakala hakukasirika. Aliitoboa barua matundu mawili, akaitia kwenye faili, na Jumamosi iliyofuata akavaa viatu vya kazi. Yeye, mwalimu wa sayansi na watoto wa klabu ya mazingira walishuka hadi kijitoni, ambako bado kuna kichaka kinachojiotea bila kumwomba mtu ruhusa. Walirudi na majani ndani ya bahasha za ofisi, mawili mawili, kwa sababu mnamjua. Mwalimu wa sayansi aliyapekua vitabuni, na ndivyo shule yetu ilivyojua kwamba majirani zake wa asili ni mkuyu, mvule, mkwaju, mfuu, mlama na mkole. Mwalimu wa hesabu alisema mlama amekuwa akiufungia mbuzi wake kwa miaka mingi na haukuwahi kumwambia chochote.

Ombi la pili lilikuwa na miti sahihi, likarudi kwa sababu nyingine: tulieleza nani atapanda, hatukueleza nani atamwagilia shule ikifungwa. Hapo ndipo Bi Nakala alipoanzisha utaratibu ambao umebaki kuwa sheria ya ofisi yetu. Ombi lolote, kabla halijapigwa muhuri, husomwa kwa sauti jikoni. Mpishi husikiliza huku akichagua maharage. Haulizwi kama ameelewa. Hutazamwa mikono tu. Mikono ikisimama, sentensi hiyo ina kasoro.

Mikono ilisimama mara nyingi siku ile. "Hapa mnajidai," mpishi alisema paliposomwa kwamba shule ina uzoefu mkubwa wa upandaji miti. "Uzoefu gani? Mmepanda nini?" Maneno yakafutwa. Mbele kidogo mikono ikasimama tena. "Na likizo je, dada? Ninyi mtakwenda makwenu. Miti haina kwao pengine." Sentensi hiyo iliingia kwenye ombi la tatu karibu kama alivyoitamka, ikifuatiwa na mpango wa zamu za wazazi, familia kwa familia. Ombi la tatu likakubaliwa. Siku barua ilipofika, Bi Nakala aliipeleka jikoni kabla ya kuipeleka kwa Mwalimu Mkuu, jambo ambalo Mwalimu Mkuu analijua na amelisamehe.

Ruzuku ilikuwa ya sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya miche na uzio. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa ya tangi la maji na ya kuchimba matuta ya kuzuia maji mteremkoni, na ingetolewa baada ya wakaguzi wa Mfuko kuja kuiona miche ikiwa hai. Bila matuta, miche peke yake isingeweza kuushika udongo kwa wakati. Kwa hiyo kila mtu shuleni, hadi mtoto wa darasa la pili, alijua kwamba darasa la kwanza litabaki au litaondoka kutegemea ugeni huo.

Miche ilipandwa kwa shangwe. Kila mmoja ulipewa mlezi, mtoto wa klabu, na kila mmoja ukasimikiwa kibao kidogo chenye jina la mti na jina la mlezi. Bi Nakala naye aliomba mmoja, akapewa mkwaju. Aliusimulia sana nyumbani, hata kitinda mimba wake akawa kila akirudi kutoka shule huuliza kwanza, "Mama, mdogo wetu hajambo?"

Yanayofuata Mwalimu Mkuu ameyasoma na kuruhusu yachapwe. Aliulizwa mara mbili kama ana hakika. Alisema yaandikwe, ila yasirefushwe.

Mwalimu Mkuu wetu anapenda usafi. Chini yake shule imepata vikombe viwili vya usafi wa mazingira, na ana jina la utani linalohusiana na jambo hilo ambalo halina nafasi katika wasifu huu. Wiki ya ugeni wa Mfuko ilipofika, alitangaza mstarini kwamba wageni wasione jani lisilo na kazi. Bi Nakala, naye akitaka wageni wapokewe vizuri, alikuwa ameagiza vibao vyote ving'olewe vikapakwe rangi upya. Kwa hiyo vibao vilikuwa nyuma ya jiko, vimeanikwa vikikauka. Bi Nakala mwenyewe alikuwa amekwenda ofisi ya mafao kuanza taratibu za kustaafu, ambazo lazima zianze mapema, na mwalimu wa sayansi alikuwa semina. Darasa la saba wakapewa mafyekeo wakapelekwa mteremkoni. Miche ilikuwa imefika magotini, katikati ya nyasi zilizofika magotini. Wanafunzi walifanya kazi kwa bidii kubwa, na hilo lazima lisemwe.

Bi Nakala aliporudi mchana alikuta mteremko umenyolewa kipara. Ulikuwa msafi kama uwanja wa mpira. Alisimama pale juu na mkoba wake wa ofisi ya mafao kwapani. Kwanza alicheka, akacheka mpaka akashika ubavu, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukaanza kucheka pia kwa ahueni. Kisha kicheko chake kikakatika ghafla. Alikaa kwenye jiwe. Alipozungumza, aliuliza kwa sauti ndogo, "Wangu ulikuwa wapi?" Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Ofisini kulikuwa na kikao cha haraka. Siku tatu zilikuwa zimebaki. Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa na mikono kichwani. Naibu wake, ambaye ni mtu wa kutafuta njia, alipendekeza inunuliwe miche yoyote kwenye kitalu cha barabarani ichomekwe usiku kucha kabla ya ugeni. "Wale ni watu wa maofisini," alisema, "wakiona kijani wameridhika." Mawazo hayo yalianza kupata wafuasi. Bi Nakala alimgeukia Mwalimu Mkuu, si Naibu. "Mwalimu," alisema, "mimi nastaafu. Wewe ndiye utakayebaki hapa kuumwagilia uongo huo kila asubuhi."

Halafu alivuta simu ya mezani, akapiga. Tuliokuwepo tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Habari za mchana. Mimi ni katibu wa shule ile ya mteremko. Ndiyo, mnakuja Alhamisi. Napiga kuwaambia kwamba miche tumeifyeka." Kimya. "Yote." Kimya kirefu zaidi. "Hapana, si mbuzi. Ni sisi wenyewe. Tulikuwa tunawasafishia." Akasikiliza, akashukuru, akakata simu, na kututangazia kwamba watakuja vilevile.

"Mama, umetumaliza," Mwalimu Mkuu alisema.

"Basi tumalizike tukiwa na nyuso zetu," alijibu, akaenda kuvichukua vibao.

Siku zilizofuata walezi wa miche walifanya kazi ambayo hakuna mtu mzima angeiweza. Mtoto aliyemwagilia mche wake kila siku kwa miezi hujua mahali ulipo hata akifumbwa macho. Mmoja alipima kutoka kwenye jiwe, mwingine kutoka kwenye mguu wa uzio, mwingine alilala chini kifudifudi kama alivyozoea kulala akiusomea mche wake masomo, akanyoosha mkono, akasema ni hapa. Chini ya mabaki ya nyasi palikuwa na kisiki kirefu kama kidole. Kibao kilichopakwa rangi mpya kikarudishwa kando yake. Kilipopatikana kisiki cha mkwaju, mtoto wa darasa la tano alikuja kumwita Bi Nakala akimshika mkono, kama anayempeleka mtu kumwona mgonjwa.

Wakaguzi walikuwa wawili, mama mmoja mfupi aliyevaa mabuti ya mpira na kijana aliyembebea kamera. Walipofika mteremkoni walikuta safu za vibao vinavyong'aa, na kando ya kila kibao, hakuna kitu. Mwalimu Mkuu hakusubiri kuulizwa. Alijitokeza mbele ya wanafunzi wake, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Amri ilikuwa yangu." Bi Nakala akasogea akasimama kando yake, akasema, "Na vibao niliving'oa mimi." Mama wa mabuti aliwatazama wote wawili, kisha akamwuliza kiranja wa darasa la saba kwa nini walifyeka. Kiranja alinyoosha mgongo. "Tuliambiwa, shikamoo, tufyeke kila kisicho na kazi," alijibu. "Na hapakuwa na kinachofanya kazi, shikamoo, vyote vilikuwa vimesimama tu." Kijana wa kamera ilibidi aende kupiga picha mbali kidogo.

Mama yule aliinama kwenye kisiki kimoja, akakikwaruza gome kwa ukucha, akaenda kwenye kingine. Alipomaliza alisema Mfuko haulipii visiki. Angerudi baada ya mvua za mwanzo. Nusu ya visiki vikiwa vimechipua, tungepata sehemu ya pili. Visipochipua, faili la shule yetu lingefungwa. Hakulitaja darasa la kwanza, lakini wazazi waliokuwepo walikuwa tayari wameanza kuangalia upande wa barabara kuu.

Mwalimu wa sayansi, aliporudi kutoka semina na kumaliza kushangaa, alisema mizizi huenda ikawa hai. Alikataa kuahidi zaidi ya hapo. Basi ikaanza ile miezi ya kumwagilia vijiti. Wazazi walishika zamu. Mwalimu Mkuu, ambaye hakuwa kwenye zamu yoyote, alionekana kila asubuhi kabla ya mstari, suruali ya suti imekunjwa, akipanda mteremko na ndoo.

"Mwalimu, hapo umemwagilia nyasi," Bi Nakala alimwambia siku moja kutoka dirishani.

"Nyasi nazo ni za asili," alijibu bila kugeuka.

Mkole ndio uliotangulia. Jicho la kijani, dogo kama kichwa cha kiberiti, lilitokeza ubavuni mwa kisiki, na mlezi wake alikimbia hadi ofisini akashindwa kusema alichokijia. Ukafuata mlama, ukafuata mfuu. Mvule ulitutesa, ukaja mwishoni, lakini ulikuja na machipukizi matatu badala ya shina moja. Mikuyu ilikuja kama isiyojua kwamba imewahi kukatwa. Watoto waliacha kucheza mpira wakati wa mapumziko, wakawa wanapanda kwenda kutazama. Mkwaju wa Bi Nakala haukuchipua. Aliusubiri kimya, na wakati wa kuusubiri ulipopita aliung'oa mwenyewe. Kitinda mimba alipouliza kama mdogo wao hajambo, alimwambia, "Huyo hapana, mwanangu. Lakini wenzake wote wanaendelea vizuri."

Mama wa mabuti alirudi kama alivyosema. Alianza kuhesabu kutoka juu, akifuatwa na msururu wa walezi waliokuwa wakimhesabia kwa sauti ili asije akaruka mtu. Katikati ya mteremko nusu ilikuwa imeshapita, na watoto walijua, na kelele zao zilisikika hadi sokoni, ambako fundi cherehani mmoja alisimamisha mashine yake. Sehemu ya pili ilitolewa. Tangi likasimikwa. Matuta walichimba wazazi wenyewe kwa Jumamosi kadhaa, wakiongozwa na mwalimu wa hesabu, ambaye alisisitiza yapimwe kwa kamba na hakukubali hata moja lililopinda.

Kuna mengine aliyoyafanya Bi Nakala, na nafasi haitoshi. Aliwapa wanafunzi wasio na vyeti vya kuzaliwa siku zake za mapumziko, akiongozana na wazazi wao ofisi kwa ofisi hadi vyeti vikapatikana. Aliwaandikia walimu barua za maombi ya masomo, na wanne kati yao wamesoma. Shule tatu za jirani zimekuja kujifunza namna ya kuomba ruzuku ya miti ya asili. Zote zimepelekwa jikoni, na mpishi sasa anadai apewe kiti chenye mto. Bi Nakala pia ana hasira za karibu, haazimi kalamu yake kwa mtu yeyote, na aliwahi kumnunia Naibu muhula mzima kwa sababu ya stepla. Haya yameandikwa kwa idhini yake. Alisema wasifu usio na kasoro ni wa mtu mwingine.

Mvua kubwa za mwaka huu zilianza Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, wakati wa kipindi cha pili. Watoto wa darasa la kwanza wana desturi ambayo hakuna aliyewafundisha. Hurithishana kwa kutazamana. Mawingu yakifunga, huvua viatu, huvifunga kamba pamoja na kuvining'iniza shingoni, kisha hupandisha mikoba juu ya madawati na kukaa miguu juu, wakingoja tope. Siku hiyo walifanya hivyo. Mvua ilipiga bati mpaka mwalimu wao akaacha kufundisha, kwa kuwa hakusikika. Bi Nakala alitoka ofisini bila mwavuli, akavuka uwanja, akasimama ndani ya mlango wa darasa akiwa amelowa chapachapa. Watoto walimtazama, naye aliutazama mlango wa nyuma.

Huko juu maji yalikuwa yakiteremka, yakifika kwenye tuta la kwanza, yakitulia. Yanayozidi yakashuka hadi la pili. Machipukizi yaliinama na kuinuka. Mlango wa nyuma ulipitisha utepe mwembamba wa maji, safi kiasi cha kuonyesha sakafu, ukafika kwenye dawati la mbele, ukakoma hapo.

Mvua ilipopungua, darasa zima lilikuwa bado limekaa miguu juu, viatu shingoni, likingoja. Mtoto mmoja aliuliza, "Bibi, tope limechelewa?" Bi Nakala alijifuta uso kwa ncha ya khanga yake, na kwa kuwa alikuwa amelowa, hakuna anayeweza kusema alikuwa akifuta nini. Kisha akasema, "Leo haliji. Vaeni viatu, wajukuu zangu, msome." Akarudi ofisini kumalizia barua aliyoiacha nusu.

Bi Nakala, shule hii inakushukuru kwa barua zote ulizoziandika kwa niaba yetu, na hasa kwa zile tatu. Tunamshukuru fundi cherehani aliyetuazima mke wake kwa miaka mingi kuliko alivyokubali, na watoto wako waliogawana mama na sisi. Tunakutakia asubuhi zisizo na kengele, afya njema, na wageni wanaokuja na nakala zao. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu. Geti liko wazi, na shemeji yako ameahidi kutosema umechelewa.

Sentensi ya mwisho si ya mwandishi wa wasifu huu. Mwalimu Mkuu aliitamka akiwa amesimama dirishani akiutazama mteremko, mikono nyuma, nyasi zikiwa zimefika magotini na yeye akizivumilia, akaagiza iandikwe kama alivyoisema: "Mwambie haufyekwi."